Mpaka Ainuke

Mume wangu alikuwa refa. Nikisema hivyo wajukuu wanacheka, maana wanamjua kwa picha moja tu, kakaa dukani katikati ya marundo ya kamba, kofia kichwani, tumbo mbele, hana dalili yoyote ya mtu aliyewahi kukimbia. Lakini alikuwa refa, tena refa haswa, na mimi nilikuwa mke wa refa, na mke wa refa katika mji huu hakosi maneno. Naenda Kariakoo kununua mchicha, muuza mchicha ananiuliza goli la juzi lilikataliwa kwa nini. Mimi! Kana kwamba filimbi naifunga mimi kwenye pindo la kanga.

Maneno hayo yalinikera, lakini yalinifundisha kuuliza. Mpaka leo nikiona watu wawili wamegongana, kabla sijasema pole, najiuliza: nani alikuwa na kazi ya kuzuia hili? Aliyegonga? Aliyegongwa? Au yule aliyesimama katikati na filimbi mdomoni? Swali hilo lilianzia kwenye miguu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alichelewa kutembea. Wenziwe wanakimbizana na kuku, yeye kakaa kwenye mkeka anawatazama. Mama akafanya kama walivyofanya wazee wake Uzaramo: akachimba shimo dogo mchangani nyuma ya nyumba, kina chake mpaka magotini mwa mtoto, akamsimamisha humo na kumfukia miguu ili mchanga umshike. Kila asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele yake nimchekeshe asilie. Nilimwimbia, nikamkunjia sura, nikamtolea ulimi, mpaka siku moja akachomoa miguu mwenyewe akanifuata. Lo! Mama alipiga vigelegele majirani wakadhani imekuja posa. Na alipokuwa kitandani anaumwa ule ugonjwa uliomchukua, hakuniusia vyombo wala nyumba. Aliniambia, "Mtazame miguu yake huyo."

Basi nikaitazama. Na miguu hiyo iliyochelewa ikaja kuwa na haraka kuliko miguu yote niliyoijua. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyeshika nchi, vita vyake na Mjerumani vimekwisha, na hakuna aliyefikiria kwamba vitakuja vingine. Mchana mdogo wangu alikuwa karakana ya reli, Gerezani, anasukuma vyuma na kupaka grisi. Jioni, baada ya swala ya alasiri, yuko Mnazi Mmoja anaichezea timu ya Gerezani, winga, pekupeku kama wote. Nyumba ya shangazi yetu ilitazama uwanja, nami nilikaa barazani kwake na buibui langu nimelishusha mabegani. Mpira ukimfikia mdogo wangu kule pembeni, watu walisimama kabla hajafanya lolote.

Lakini kule pembeni palikuwa na beki wa timu ya watu wa bandarini.

Alikuwa kuli, Mnyamwezi, pande la mtu. Magunia wenziwe wanayoyabeba kwa kuguna, yeye alikuwa anayabeba huku anasimulia hadithi. Na mdogo wangu akija na mpira, beki huyu alikuwa hana habari na mpira. Anakuja kama mlango uliong'oka na upepo, anamkwatua, mdogo wangu anaruka juu, anatua kifudifudi, vumbi linawafunika wote wawili. Na vumbi likitulia, unaona nini? Wanacheka! Wamelala chini wanatukanana na wanacheka.

Maana sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kuingia kwako akachukua kuku akaondoka naye. Anaweza kukuita nyani mbele ya mkweo. Msiba ukikufika anakuja kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyokohoa, na wewe uliyefiwa unajikuta unacheka machozi yakiwa hayajakauka. Na hukasiriki. Ukimkasirikia mtani umejivunjia heshima wewe, si yeye. Tulizaliwa tukalikuta hivyo, na hakuna aliyeliuliza.

Aliyekuja kuliuliza ni mume wangu.

Yeye kazaliwa mji huu huu, Kiswahili chake ndicho changu, lakini babu yake alitoka Shihiri, Uarabuni, na duka lao la kamba na taa lilikuwa Kariakoo tangu baba yake. Kwa hiyo hakuwa na mtani. Vijana walipotafuta refa walimfuata kwa sababu hiyo hasa. Refa Mzaramo watu wa bandarini hawamtaki, refa Mnyamwezi watu wa Gerezani hawamtaki. "Huyu kaoa Uzaramo, lakini hana utani na mtu," walisema, "huyu ataona." Halafu wakamsikitikia palepale, kwa kumcheka: maskini Mwarabu wetu, siku akifa nani atamfanyia kichekesho matangani? Yeye akatabasamu tu. Akanunua filimbi kwa askari mmoja mstaafu, akamwendea karani aliyewahi kucheza na Wazungu, akafundishwa sheria, akawa anazikariri huku anapima kamba dukani.

Mchezo wake wa kwanza, mdogo wangu akapata mpira, beki akaja, akamkwatua, wakaanguka. Mume wangu akapuliza.

Uwanja mzima ukamgeukia. Halafu mdogo wangu, aliyekwatuliwa, mwenye mchanga puani, akanyanyua kichwa kwa hasira. "Shemeji, unapuliza nini?"

"Kakuumiza."

"Huyu ni mtani wangu!"

"Nani kakuita wewe?" akadakia beki, bado kalala juu ya miguu ya mdogo wangu kama gogo. "Mwache nimvunjevunje huyu panya wa Gerezani. Ni panya wangu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mume wangu akasimama pale katikati na filimbi yake, masikio yamemwiva. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumfinya.

Nyumbani alivua viatu polepole. Alikuwa na jambo moja: hakuweza kuona kitu asichokielewa akakiacha kipite. "Nieleze," akaniambia. Nikamweleza utani, kuku, kuitwa nyani, matanga. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mguu? Mtani anaruhusiwa kuvunja mguu?"

Wallahi sikuwahi kufikiria. "Hawezi kuvunja," nikasema, "ni utani."

"Mfupa unajua kwamba ni utani?"

Nilinuna, kwa sababu mama alikuwa ameniusia miguu ile, nami siku zote nimekaa barazani nacheka na wengine huku roho inanidunda.

Toka hapo hakuacha kuuliza. Alimuuliza muuza kahawa, akajibiwa utani ni wa maneno, mikono haimo. Mwenziwe aliyekaa pembeni na kikombe akakataa, akasema mikono imo, ila si kisu. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema hilo halimo katika kitabu alichosoma yeye. Karani akasema sheria ya Waingereza inamtaka refa asimamishe mchezo wa hatari hata kama aliyeumizwa halalamiki, lakini akakiri kwamba Waingereza hawana watani, kwa hiyo hajui. Mume wangu alirudi na majibu haya jioni kama mtu anayerudi na samaki wadogowadogo, anayamwaga mbele yangu tuyachambue. Nami, ambaye mwanzoni nilikuwa nasonya, nikaanza kumngojea mlangoni. Leo umepata nini?

Jibu lililomwingia lilitoka kwa shangazi, aliyekuwa anakuna nazi na hakuonekana hata kusikiliza. "Mtani akikuumiza anakuuguza yeye," akasema. "Na ukifa anakuzika yeye. Ndiyo maana hana haraka ya kukuua. Ni kazi nyingi!"

Mume wangu akasimama. "Anakuuguza yeye?"

"Nani mwingine? Mimi?"

Mchezo uliofuata, kabla ya kuanza, aliwaita wote katikati. Akasema utani hatauingilia, si wake. Lakini kuanzia leo, mtu akimwangusha mwenziwe kwa kumuumiza, atamtoa nje mwenyewe, ambebe, na akae naye mpaka ainuke. Hataruhusiwa kurudi uwanjani kabla. Na kuinuka maana yake kusimama kwa miguu miwili bila kushikwa na mtu wala kitu.

Wakatazamana. Hawakuwa na pa kukataa, maana ulikuwa ni utani wao wenyewe alioushika kwa upande wa pili. Beki ndiye aliyecheka wa kwanza. "Huyu Mwarabu ana akili," akasema, "kamba zake zinafunga kweli."

Na zikafunga. Mara ya kwanza beki alipomkwatua mdogo wangu, ilibidi ambebe mgongoni mpaka barazani kwa shangazi, amlaze mkekani, akae kando yake huku timu yake inacheza bila beki. Mdogo wangu kalala, anaugulia kwa sauti ya kuigiza, anaomba maji, anaomba apepewe, anaomba karanga.

"Inuka, mwanaharamu wee, wanatufunga!"

"Ninakufa, mtani. Nipepee."

Jamani, tulicheka siku hizo! Mume wangu naye akajifunza kuwatambua waongo. Alikuwa anakuja, anamzunguka aliyelala, anamtazama mguu, halafu kwa sauti ya chini kabisa anasema, "Siafu hao." Mgonjwa anaruka juu kama kaungua. Filimbi, mchezo unaendelea. Ikawa sifa yake mjini, hata watoto wakiigiza refa wanasema siafu hao. Na beki, kwa kuogopa kukaa nje, akajifunza kumkaba mdogo wangu bila kumgusa. Miguu ya mdogo wangu ikawa salama. Niliona ajabu kwamba maneno machache ya mtu mwenye duka la kamba yalifanya kile ambacho dua zangu hazikufanya, na nilimpenda mume wangu kwa hilo, nikamwambia.

Jambo ambalo hakuna aliyeliona, hata mimi, ni kwamba mtu asiyeguswa anazidi kiburi. Mdogo wangu akaanza kuwarukia wengine. Anacheza, anacheka, anamchokoza beki, anampita, anarudi kumpita tena. Na mume wangu alikuwa na mazoea yake: beki akiwa karibu, macho yake yote yako chini, kwenye ile miguu mikubwa.

Siku yenyewe ilikuwa jioni ya kawaida, hata mchezo haukuwa mkubwa. Beki alikuwa na mpira, ameugeukia, uzito wake wote kwenye mguu mmoja. Mdogo wangu akaja kwa upande, mbio, akaingia kwa kisigino. Mume wangu alikuwa anatazama miguu ya beki. Mimi nilikuwa natazama ya mdogo wangu, kwa hiyo niliona. Goti lilikwenda upande ambao goti haliendi. Nilisikia mpaka barazani, kama kuni kavu.

Watu wakacheka. Ndiyo mazoea. Beki mwenyewe alicheka, akaweka mkono chini ajisukume, akaanguka. Akajaribu tena. Kicheko kikakatika uwanja mzima, kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka ukawa unasikia kunguru.

"Ni utani, shemeji," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mume wangu alikuwa kashika filimbi mkononi, hata hakuipuliza. "Mtoe," akasema.

"Mzito, shemeji."

"Mtoe."

Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu sheria ilisema mwenyewe. Mdogo wangu alipiga magoti, beki akamkumbatia shingo, naye akamwinua, miguu ya beki inaburuzika mchangani, na yule mtu aliyebeba magunia yote yale alikuwa kafumba macho, meno kayauma, hatoi hata sauti. Wakafika barazani. Shangazi akatandika mkeka. Mdogo wangu akakaa kando yake. Adhana ya magharibi ikaja, watu wakatawanyika, nao bado wamekaa.

Mganga wa mifupa alilifunga goti kwa vijiti na majani, akalikanda mpaka beki akamtukania ukoo mzima. Mfupa uliunga, lakini goti halikurudi mahali pake. Akatembea na fimbo, mguu anauvuta kama mzigo wa mtu mwingine. Bandarini wakamwambia mtu asiyeweza kupanda ubao na gunia hawana kazi naye. Akaanza kuuza tumbaku Kariakoo, kakaa chini na misokoto yake kwenye kipande cha turubai. Na kila alfajiri, kabla ya kwenda Gerezani, mdogo wangu alimbebea mzigo wa tumbaku kwenda sokoni. Jioni alimrudishia. Mvua ikinyesha na barabara kuwa tope, alimbeba na yeye, mgongoni, mjini kati, watu wanaona.

"Punda wangu wa Kizaramo huyo," beki anatangaza kutoka juu. "Hali sana. Ila anapiga teke."

Nilidhani mambo yangeishia hapo, kila mtu na majuto yake. Lakini mchezo uliofuata mdogo wangu alikwenda uwanjani, akamfuata mume wangu. "Shemeji, nicheze?"

"Ameinuka?"

"Bado."

"Haya, kaa naye."

Na akakaa. Mchezo uliofuata akauliza tena, akajibiwa vilevile. Watu wa Gerezani walikasirika, wakasema refa ana roho mbaya, kamkomoa shemeji yake ili aonekane mwenye haki. Mimi nilikasirika kuliko wote. Nilimpakulia chakula nikampa mgongo. "Sheria ile ilikuwa ya mchezo!" nilimwambia siku nilipochoka kunyamaza. "Ya kukaa nje mpaka mtu ale karanga zake! Si ya maisha!"

"Niliweka mpaka ainuke. Sikuweka mpaka lini."

"Hatainuka! Unajua hatainuka! Miguu ya yule mtoto mama aliifukia mchangani kwa mikono yake, leo wewe unaifukia tena?"

Akaisogeza sahani kando. Kisha akasema, "Nilipewa filimbi niwaangalie wote. Nikaangalia miguu ya mmoja. Yule mtu alivunjika mbele ya uso wangu na mimi sikuona. Nikimrudisha mdogo wako leo, nitakuwa nimesema halikutokea."

"Basi iache filimbi, ujiadhibu wewe."

"Nikiiacha, nani atawaangalia kesho?"

Bado nilikuwa na hasira, lakini swali lake lilinikaa, na bado limenikaa. Nikawa namtazama jinsi anavyokimbia sasa: hamfuati mtu mmoja tena, shingo inazunguka pande zote, anapuliza mapema, kabla mguu haujafika. Walimwita mwoga wa vumbi. Hakuvunjika mtu mwingine.

Siku za mchezo, wale wawili walikaa barazani kwa shangazi, kama sheria ilivyosema. Beki anatoa maneno, anaikashifu timu yake na ile ya Gerezani. Mdogo wangu hasemi. Lakini ukimtazama miguu, mpira ukija upande ule wa winga, vidole vinachimba mchanga vyenyewe. Nilikuwa naondoka kwenda ndani nisione. Na beki, nikaja kugundua, alikuwa anaviona vile vidole kama mimi.

Ikaja siku ya mchezo mkubwa, baada ya Idi. Uwanja umejaa, kofia nyeupe tupu. Mdogo wangu alikuwa kaja peke yake, maana beki kamwambia leo asimbebee kitu, atajileta. Tukamwona beki anakuja kutoka upande wa Kariakoo. Kavaa kanzu, nguo ambayo hatukuwahi kumwona nayo, imepigwa pasi, ndefu mpaka vifundoni. Hana fimbo. Anatembea taratibu sana, kama bwana harusi. Akapita mbele yetu bila kutusalimia, akaenda mpaka kwenye mstari, akasimama.

"Refa!"

Mume wangu akamfuata.

"Nimeinuka," beki akasema. "Tazama. Miguu miwili. Sijashikwa na mtu wala kitu. Mwache panya wangu acheze."

Mume wangu akamzunguka, kama alivyokuwa anawazunguka wale waongo wa zamani. Polepole. Nilisogea mpaka ukingo wa baraza. Hapakuwa na upepo hata kidogo jioni ile, makuti ya paa yametulia, lakini pindo la ile kanzu lilikuwa linatikisika. Mume wangu aliliona. Nilimwona anavyoliona. Angeweza kusema, haya, tembea. Angeweza kusema siafu hao.

"Umeinuka?" akamuuliza.

"Una macho, Mwarabu. Nimeinuka."

Mume wangu akageuka, akampungia mkono mdogo wangu aingie, akapuliza.

Mwanzoni mdogo wangu alikimbia kama aliyeazimwa miguu. Kisha ikamkumbuka. Watu wakaanza kusimama tena mpira ukimfikia, shangazi akapiga kelele kama msichana, na mimi, niliyengoja jioni hii kwa kinyongo kirefu, sikuuona mchezo. Nilikuwa natazama kanzu. Nilichukua kigoda nikamfuata kwenye mstari, nikakiweka nyuma yake.

"Kaa, kaka yangu. Keshaingia, basi."

"Toa hicho," akasema bila kunigeukia. Jasho lilikuwa limempitiliza mgongoni. "Nikikaa tu, sijainuka. Refa wenu namjua. Atamtoa."

"Hatamtoa."

"Atamtoa, na atakuwa na haki. Toa."

Nikakitoa. Kipindi cha kwanza kikaisha, yeye kasimama. Cha pili kikaanza, yeye kasimama, kaacha na utani, kafunga mdomo, mikono ameibana kwenye mbavu asishike kitu chochote. Sikujua nimshike au nimwache. Sikuwahi kumwona mtu anafanya kazi ngumu kama ile ya kusimama. Na kila mpira ulipokuja upande wetu, niliona shingo ya mume wangu inageuka, inapita kwa wachezaji wote, inafika kwenye pindo la kanzu, inarudi.

Siku zote mchezo ulimalizika adhana ya magharibi inapokaribia, kila mtu alijua, lakini jioni ile jua lilikuwa bado juu ya mapaa, linauma macho. Mdogo wangu alikuwa na mpira, anaondoka nao. Mume wangu akapuliza kumaliza.

"Ala! Refa! Jua hilo!" Watu wakaingia uwanjani, wengine wanamwonyesha jua kwa kidole kama vile hajawahi kuliona.

Beki alikaa. Hakuanguka, alikaa, taratibu, mchangani, na kanzu yake nyeupe, akaunyoosha ule mguu kwa mikono yote miwili. Mdogo wangu alikuja mbio, akapiga magoti mbele yake, akaona goti lilivyovimba chini ya nguo, akaanza kulia hadharani, mwanamume mzima.

"Unalia nini, panya wee?" beki akasema, anahema. Kisha akainua kichwa, akamtafuta mume wangu kwa macho katikati ya watu, akapaza sauti. "Na wewe Mwarabu wa kamba! Refa gani wewe? Hata jua linapozama hujui!"

Watu wakageuka wamtazame, maana mume wangu hakuwa mtani wa mtu, na hakuna aliyewahi kumtukana vile. Yeye akasimama anafikiri. Kisha akasema, kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Nyamaza, mla tumbaku."

Wakacheka, Mungu wangu, walivyocheka! Na yeye akacheka, kwa mara ya kwanza uwanjani.

Nyumbani nilimmiminia maji ya kunawa miguu. Nikamuuliza, kwa sababu nisingelala bila kuuliza, "Mbona umemaliza mapema? Hujawahi kufanya hivyo."

"Palikuwa na mchezaji anaumia."

"Nani? Hakuna aliyeanguka."

"Ndiyo," akasema. "Yule asingeanguka."